Nilikodi kiwanja cha kambi Kigamboni kwa vijana 300: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Zilikuwa ziwe mbili, ila mlinzi wa pale aliamka saa nane usiku kutumulikia tochi tukihamisha mahema, na mtu wa namna hiyo humnyimi haki yake.

Mimi ni katibu wa kamati ya kambi ya skauti wa shule saba za hapa Dar es Salaam. Nilipewa kazi ya kutafuta mahali pa kulaza vijana 300 kwa siku nne, likizo ya mwezi wa sita. Kisiwa cha Mbudya tulikiondoa siku ya kwanza ya kikao, maana kuvusha umati ule kwa boti ni kutafuta presha bure. Pugu kuna msitu na baridi yake nzuri, lakini wajumbe walitaka bahari. Tukaangukia kiwanja cha kukodi ufukweni, upande wa Kigamboni, shilingi 6,000 kwa kichwa kwa usiku.

Nilikwenda kukagua mwezi wa pili, saa nne asubuhi. Nikapapenda pale pale. Uwanja bapa, mikorosho upande wa kaskazini, minazi kwa mbali, na nyasi za kijani wakati jiji zima limekauka. Nikarusha picha kwenye grupu, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejiuliza nyasi zile zinakunywa maji ya wapi kiangazi chote kile. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu kivulini nilimpa shikamoo, akaitikia, halafu akauliza tunakuja lini. Nilipomwambia mwezi wa sita akasema, "Hapo vyura huimba mpaka mwezi wa saba, mwanangu." Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Mwezi wa sita tunafika, masika yamekwisha, jua linawaka, na uwanja ule ule umejaa maji ya chini kwa chini. Ukikanyaga, unyayo unabaki na kidimbwi. Tulisimamisha mahema hivyo hivyo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuyaweka yote. Usiku wa kwanza yakashuka manyunyu, mvua ambayo hata mwavuli hufungui, na safu mbili nzima za mahema zikalowa kutokea chini. Ndipo likaja lile la saa nane na tochi. Vijana walilala wamebanana chini ya mikorosho kwenye maturubai ya jiko. Vyura waliimba, tena vizuri tu.

Kosa la pili lilikuwa la upepo. Mwezi wa pili huvuma kaskazi, na mikorosho ilinikinga nikaona pametulia. Mwezi wa sita ni kusi, na upande wa kusi wa kiwanja hakuna hata kichaka. Jiko la kuni tulishaliweka huko huko kusini, karibu na njia ya magari. Moshi wote ukaenda kulala na vijana. Vigingi kwenye mchanga havikushika, ikabidi tujaze viroba mchanga, tuvifukie, tufunge kamba humo. Hiyo ilifanya kazi, na ningeshauri mtu afanye hivyo tangu mwanzo badala ya kuhangaika na nyundo.

Sasa maji, ambayo ndiyo yalinitoa jasho hasa. Nilipouliza mwezi wa pili niliambiwa "maji yapo ya kutosha", nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Yapo kweli: simtanki moja ya lita 5,000 na kisima chenye maji ya chumvi kidogo, ya kuoga na kufulia, pampu ya umeme. Viwango vya Sphere, wanavyotumia watu wa misaada kwenye kambi za wakimbizi, vinahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini. Zidisha kwa 300: ni lita 4,500. Kwenye karatasi tanki linatosha. Lakini vijana waliosafiri kwenye Kosta na vumbi hawaogi kwa karatasi. Saa mbili usiku tanki lilikuwa tupu, na umeme ukakatika saa mbili na nusu.

Asubuhi tukaita boza. Dereva akafika mwisho wa barabara ya kifusi, akashuka, akautazama mchanga, akakataa. Sikumlaumu, kwa sababu jana yake Fuso letu la vyombo lilizama pale pale na kutupotezea saa tatu. Kipande hicho cha mchanga hakifiki hata mita 400. Maji tuliyavusha hapo kwa madumu ya lita 20, kijana mmoja hadi mwingine, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ratiba ya mafunzo ya kufunga mafundo ya kamba ikafa siku hiyo.

Vyoo viko 8, visafi, na mama anayevitunza hana mchezo. Lakini 8 kwa 300 ni foleni ya watu 37 kwa tundu, na viwango hivyo hivyo vinataka wasizidi 20. Tulitaka kuchimba vya ziada, mlinzi akatuzuia: mita moja tu unakutana na maji, na kisima kiko karibu. Alikuwa sahihi.

Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba wakubwa nao hukosea. Jamboree ya dunia ya mwaka 2023, yaani kambi kuu ya skauti wa mataifa yote, iliwekwa SaeManGeum, Korea Kusini, kwenye ardhi bapa iliyonyang'anywa bahari, vijana zaidi ya 40,000. Kivuli haba, joto kali, madimbwi ya mvua. Waingereza na Wamarekani wakaondoka mapema, na mwishowe wote wakahamishwa kwa kukikimbia kimbunga Khanun. Ile ilikuwa na miaka ya maandalizi. Mimi nilikuwa na picha ya nyasi.

Mazuri yapo, nisije nikaonekana nina kinyongo. Bahari hapo ni salama kwa kuogelea maji yakiwa ya wastani, mradi usiruhusu mtu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Barua ya serikali ya mtaa tuliipata siku moja, majirani hawakulalamikia ngoma zetu, na kituo cha afya ni dakika ishirini na tano kwa bajaji. Mwenye eneo hakuficha bei wala hakuongeza kitu mwishoni. Nilipompelekea malalamiko alisikiliza, akasema yeye hajawahi kupokea zaidi ya watu 150, na kwamba sikumuuliza. Ni kweli, sikumuuliza.

Mwaka huu tumelipia tena, watu 120, mahema yote upande wa mikorosho, jiko limehamia kaskazini. Boza litakuja siku moja kabla yetu na kumwaga kwenye tanki la pili tutakalolikodi, tumeshaelewana na dereva mwenye gari dogo. Na yule mzee wa nyavu nimempelekea kilo mbili za sukari.