Betri ya asidi au ya lithiamu kwa saluni ya Birere

Umeme ukikatika hapa Birere, mtaa wa Goma, mteja aliyenyolewa nusu kichwa hasubiri. Miaka mitatu nilitumia betri ya asidi, volti 12, Ah 100 (Ah, yaani ampea-saa, ni kipimo cha umeme inaoubeba). Hiyo 100 ni ya kwenye kibandiko tu. Ukiikamua chini ya nusu mara kwa mara, inakufa mapema. Halafu uzito! Karibu kilo 28, vijana wawili kuipandisha ngazi za mawe ya lava, na kila mara kuiongezea maji.

Lithiamu ya fosfeti ya chuma (LiFePO4) ya Ah hizo hizo ina kama kilo 12. Niliibeba mwenyewe. Inatoa Ah 80 au zaidi bila kuchoka, na huchajiwa maelfu ya mara. Bei ndiyo inauma. Haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi 0, ila baridi hiyo Goma hatuijui.

Usiiunganishe tu na kidhibiti chaji cha zamani, kile kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri. Changu kilikuwa na hatua ya kusawazisha seli za betri ya asidi inayopita volti 15, nyingi mno kwa lithiamu. Nikaizima, nikaweka kikomo cha volti 14.4. Mwenye taa mbili na redio abaki na asidi. Mimi sirudi.