Nilipeleka Biblia ya nyanya kushonwa River Road

Kama una kitabu kinachokufia mikononi, nenda. Nalisema mapema kwa ajili ya asiye na muda wa kumsikiliza mwalimu mstaafu. Karakana iko ghorofa ya pili katika jengo la zamani, River Road, Nairobi, juu ya duka la vipuri vya redio. Haina bango. Muulize mlinzi "fundi wa Biblia", atakuonyesha ngazi. Harufu ya gundi itakupokea kabla ya mlango.

Nilikwenda na Biblia ya nyanya yangu mzaa baba, wa Rabai, karibu na Mombasa. Ni ile ya Kiswahili sanifu iliyotoka 1952, naye aliinunua mwaka uliofuata kwa pesa za nazi. Jalada lilikuwa limeng'oka, Mwanzo imeachana na Kutoka, na mgongo mzima umefunikwa gundi ngumu. Gundi hiyo niliwekewa miaka sita iliyopita katika duka la fotokopi. Kijana aliimwaga ikiwa moto, ikakauka kama mfupa, na tangu hapo kila nikifungua, ukurasa unakatika.

Fundi ni mzee wa miaka sabini hivi. Hakuanza na bei wala rangi. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba pembeni mwa kurasa, akasimama kwenye Zaburi.

"Mama, huyu aliyeandika hapa ni nani?"

Nikamweleza. Nyanya alikuwa akiandika kwa penseli pembeni mwa maandiko: nani kachukua nazi, ngapi, amelipa lini. "Nazi 40, bado 15." Chini yake, kwa mwandiko mnene zaidi: "Amemaliza." Kwenye karatasi tupu ya mbele ameandika waliozaliwa na waliofariki. Mimi nipo pale: 1961, Jumapili, mvua kubwa. Baba aliubeba mstari huo mmoja alipokwenda kuniombea cheti cha kuzaliwa.

Fundi akaifunga taratibu. "Basi kingo hatukati," akasema.

Ukiwahi kupeleka kitabu kwa fundi mwenye haraka, utajua uzito wa neno hilo. Wengi hukipitisha kitabu kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo zilingane, na kweli kinatoka kimenyooka. Cha nyanya kingetoka bila deni hata moja.

Gundi ya zamani aliibandua kwa kisu butu, kipande kwa kipande. Mikunjo iliyochanika aliiziba kwa karatasi nyembamba na uji wa unga wa ngano, kwa sababu uji huo ukihitajika kutoka kesho unatoka kwa maji. Kisha akashona. Biblia ya namna ile haikuundwa kwa kurasa moja moja. Ni vifungu vya karatasi zilizokunjwa, na kila kifungu kinapitishwa sindano katikati ya mkunjo. Uzi wake ni wa kitani, anausugua kwenye nta ya nyuki mpaka unalia kidogo ukivutwa. Nilikaa kwenye stuli saa nzima nikimtazama akimaliza Isaya.

Rafu zake zimejaa Biblia. Za Kikuyu, Kikamba, Kijaluo, Kimeru, Kiswahili, nyeusi karibu zote, kila moja ina kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu zipo kwenye kona, chache. Nilifundisha historia miaka thelathini, na sijawahi kuyaona Matengenezo ya Kanisa, yale yaliyozaa Uprotestanti, yamepangwa rafuni hivyo.

Kule kwetu Rabai somo hili lina makaburi yake. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na Rebmann, Wajerumani wa Württemberg waliotumwa na CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, wakafungua misheni Rabai. Krapf alikuwa ameshaanza kujifunza Kiswahili. Aliandika sarufi, akakusanya kamusi, akatafsiri sura za Mwanzo. Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: mtu avuke bahari zote hizo, azike watu wake, halafu ashike kamusi?

Majibu yake yako Wittenberg, Ujerumani, mji wa mtawa Martin Luther. Ugomvi wa 1517, zile hoja 95 za Luther, ulianza na hati za rehema, yaani za kusamehewa adhabu ya dhambi, zilizokuwa zikiuzwa, lakini ulifika haraka kwenye swali la nani ana ruhusa ya kusoma na kuamua. Luther alipofichwa ngomeni Wartburg alitafsiri Agano Jipya kwa majuma kama kumi na moja, likachapishwa Septemba 1522. Biblia nzima ya Kijerumani ikafuata 1534. Katikati, 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule, na wasichana wasiachwe nje. Mwingereza Tyndale naye alichapisha Agano Jipya la Kiingereza mjini Worms mwaka 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri likiwa limefichwa ndani ya mizigo ya nguo. Mwaka 1536 wakamnyonga, kisha wakamchoma moto.

Nyanya hakujua majina hayo. Alijua kwamba kule misheni, ukitaka kubatizwa, uje kwanza ujifunze kusoma. Akajifunza, mwanamke mzima, kwa ubao na kwa ukucha: alikuwa akiukokota ukucha chini ya kila neno, na ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha bado utaiona mifereji ile. Misheni ilitaka asome Injili, naye akaisoma kweli, mpaka macho yakaisha. Lakini kalamu haikai mahali ulipoiweka. Mwanamke aliyekuwa akidhulumiwa hesabu na wanunuzi wa nazi sasa alikuwa na daftari, nalo lilikuwa Zaburi, kitabu ambacho hakuna mzee wa kijiji angethubutu kusema kinadanganya. Ndiyo maana nilimwomba fundi aguse kila kitu isipokuwa kingo.

Mambo hayakuwa mema yote, na sitaki kumdanganya mtu. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani walisoma maandiko yaleyale wakadai uhuru wao, aya kwa aya, na Luther akawaambia watawala wawapige. Wakafa kwa makumi ya maelfu. Hapa kwetu, misheni za Kiprotestanti zilishirikiana kufungua shule ya Alliance kule Kikuyu mwaka 1926, na miaka mitatu baadaye baadhi ya hizohizo zikagombana na Wakikuyu kwa kukataza tohara ya wasichana. Watu waliofundishwa kusoma na misheni wakaifungua Biblia, wakasema katazo hilo hawalioni, wakatoka, wakajenga shule zao wenyewe. Mimi nasimama upande wa wasichana katika suala la tohara. Hata hivyo naelewa kwa nini waliotoka hawakuweza kunyamazishwa tena. Fundi aliniambia amewahi kushona rejista za ubatizo za pande mbili za kanisa moja lililogawanyika, wiki ileile, akiogopa asije akawachanganyia majina.

Sasa makosa ya karakana. Aliniahidi siku kumi, ikawa ishirini na nne, na mara mbili nilipanda ngazi zile bure na magoti yangu haya. Kosa la pili liliniumiza zaidi. Nilipokwenda kuichukua, jalada jipya la ngozi nyeusi lilikuwa limepigwa chapa ya dhahabu: HOLY BIBLE.

Nilikaa kimya kwanza. "Mzee," nikamwambia, "hii ni ya Kiswahili. Nyanya hakujua Kiingereza."

Akasema muhuri alio nao ni huo tu, na wateja hawajawahi kulalamika. Nikamsimulia habari za Tyndale, kwamba mtu aliuawa ili wenzake wasome kwa lugha ya mama zao. Nikamsimulia na ukucha wa nyanya. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa nilikuta jalada jingine. Alikuwa ametoa kisanduku cha herufi za chuma zilizokuwa za baba yake, akazipasha moto kwenye jiko la mafuta, akazigonga moja moja: BIBLIA. Ile A ya mwisho imeshuka kidogo chini ya mstari. Alitaka kuirudia, nikakataa. Hakuongeza bei. Na nilipofungua nikakuta ameshona karatasi nne tupu mbele, baada ya ile ya nyanya, bila kuniuliza. "Hiyo yake imejaa," akasema.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nililipa shilingi 3,500, nusu mwanzoni, kwa M-Pesa. Piga simu kabla ya kupanda ngazi, ongeza wiki mbili juu ya siku atakazokuahidi, na mwandikie kwenye karatasi maneno unayotaka yawe juu ya jalada, kwa lugha unayoyataka.