Fuawe tatu nilizozitumia: uzoefu wangu wa miaka sita ya uhunzi

Kwa miaka sita sasa ninafua majembe, mapanga na visu katika karakana yangu ndogo wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro, na katika muda huo nimefanyia kazi fuawe tatu, yaani vyuma vizito ambavyo mhunzi hufulia juu yake, za aina tofauti kabisa. Vijana wanaoanza uhunzi huja kuniuliza wanunue nyundo ya uzito gani, koleo la namna gani, na kama feni inafaa kuliko mivukuto. Ni nadra mmoja wao kuulizia fuawe, ilhali hiyo ndiyo inayoamua kama chuma kitatii nyundo au kitakuchosha bure.

Ya kwanza niliinunua mpya dukani kwa shilingi 320,000. Ilikuwa na uzito wa kilo 25, imepakwa rangi ya buluu, ina pembe iliyochongoka vizuri na tundu la mraba la kuchomekea vifaa, na muuzaji alinihakikishia kwamba ni chuma cha pua. Kumbe kilikuwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho ni dhaifu kwa kazi ya kugongwa. Hata mlio wake ulikuwa mzito na ulikatika papo hapo, lakini wakati ule sikujua maana yake. Baada ya miezi mitatu uso wote ulikuwa umejaa vibonyeo vya ukubwa wa punje ya mahindi. Nilikuwa nikifua visu kutokana na springi za lori, na kila nilipogeuza kisu niliona vibonyeo vile vile vimejichapa kwenye bapa lake, hata nikawa ninamaliza muda mwingi kwenye tupa kuliko kwenye moto. Katika mwezi wa tano wa kuitumia, kona ya ukingo ilimeguka, na kipande kikaruka karibu na jicho la kijana aliyekuwa ameshika koleo. Nilipoirudisha dukani niliambiwa kwamba bidhaa iliyokwisha kutumika haipokelewi. Fedha iliniuma, lakini kipande kile kilichoruka kiliniuma zaidi.

Laiti ningekwenda dukani na gololi moja ya beringi mfukoni. Gololi hiyo ukiiachia ianguke kutoka sentimita 25 juu ya uso wa fuawe, hurudi juu kwa kadiri uso ulivyo mgumu: kwenye chuma cha pua kilichotiwa maji ipasavyo, yaani kilichopozwa ghafla ili kiwe kigumu, hurudi sentimita 18 na zaidi, na kwenye ile yangu ya buluu haikufika hata 8. Pigo ambalo uso wa fuawe haulisukumi tena kwenye chuma cha moto humezwa na fuawe yenyewe, nawe huna budi kuliongeza kwa mkono wako. Angusha gololi sehemu kadhaa, si katikati tu, kwa sababu panapofifia ghafla huenda pana ufa, au bamba la pua la juu limeachana na kiwiliwili cha fuawe. Pitisha pia tupa taratibu pembeni mwa uso. Ikiteleza, uso ni mgumu, na iking'ata na kutoa unga, tafuta nyingine.

Fuawe ya pili ilikuwa kipande cha reli cha sentimita 60, nilichokipata kwa mfanyabiashara wa chuma chakavu. Hapa naomba niwe wazi: reli ni mali ya umma, na asiyeweza kukuonyesha hati za alikoitoa usinunue kwake, hata akikupunguzia bei. Mwanzoni niliilaza kama inavyolala njiani, ikawa inarukaruka na kulia kama kengele, kwa kuwa chini ya pigo palikuwa na ubavu mwembamba tu. Fundi mmoja mzee alinishauri niisimamishe wima na kuichimbia ndani ya gogo. Reli ile ina takriban kilo 40 kwa mita, kwa hiyo kilo zote 24 zikawa moja kwa moja chini ya nyundo, na tofauti niliisikia kwenye kiwiko siku hiyo hiyo. Uso wa kufulia ulibaki mdogo, hauzidi sana ukubwa wa kiberiti, lakini kwa kurefusha chuma cha kisu au kuchonga ncha ya mundu unatosha.

Kwamba uzito unapaswa kuwa moja kwa moja chini ya nyundo, wahunzi wa kale walilijua vema. Huku kwetu Ugweno, hapa hapa wilayani Mwanga, ukoo wa Washana ulisifika kwa chuma, kilichouzwa hadi kwa Wachaga, na wahunzi wengi wa zama zile walifulia juu ya jiwe gumu lililozikwa nusu ardhini. Jiwe halina pembe wala tundu la mraba, ila ardhi yote iko nyuma yake.

Ya tatu ndiyo ninayoitumia leo: fuawe kuukuu yenye chapa ya Peter Wright, iliyotengenezwa Uingereza, ambayo niliinunua kwa shilingi 1,400,000 kutoka karakana iliyokuwa inafungwa. Ubavuni ina tarakimu 1, 2 na 14, na kwa hesabu ya kizamani ya Waingereza ya kwanza huzidishwa kwa pauni 112, ya pili kwa 28, na ya tatu ni pauni zenyewe. Jumla ni pauni 182, karibu kilo 83. Kiwiliwili chake ni chuma laini kilichofuliwa, na usoni kuna bamba la pua lililounganishwa kwa moto. Katikati pamebonyea kidogo kwa kazi ya miaka mingi. Wapo walionishauri niusawazishe uso kwa mashine, nami nikakataa, kwa sababu bamba lile si nene na likiliwa halirudi, na pia bonde lile dogo hunisaidia kunyoosha panga lililopinda. Kwa nyundo yangu ya kilo moja na nusu, fuawe hii haitikisiki.

Nimeikalisha juu ya gogo la mvule, nyuzi za mti zikiwa wima, na kuifunga kwa mnyororo ambao pia hupunguza mlio unaoumiza masikio. Urefu nimeupima kwa kusimama wima, mkono ukining'inia ubavuni, na kukunja ngumi. Vifundo vya vidole viguse uso wa fuawe. Kwa msaidizi wangu, ambaye ni mfupi, nimeweka ubao wa kusimamia. Kukata kwa tindo hufanyika kwenye ngazi ndogo iliyo kati ya uso na pembe, ambako chuma ni laini, na kingo kali za uso nimezilainisha kidogo kwa tupa upande mmoja, kwa kuwa ukingo mkali huchimba mkunjo wa chuma na mahali hapo ndipo jembe huja kuvunjikia shambani. Chuma kikipoteza wekundu ninakirudisha motoni, na sigongi uso mtupu kwa nyundo.