Kalkuleta ya Casio fx-82MS kwenye hesabu za riba, uzoefu wangu

Nina hii mashine mwaka wa 3 sasa na kazi kubwa iliyonifanyia wala sio ya shule, ni ya hela. Niliinunua 25,000 kwa ajili ya mdogo wangu alivyoingia form three, alipomaliza shule ikabaki kwangu hapa dukani.

Kilichonifanya niipende ni ishu ya mama mdogo. Alikuja na karatasi ya benki moja hivi, anatakiwa aweke milioni 2 kwenye akaunti ya muda maalumu, miaka 3 bila kugusa, mwisho anachukua 2,519,424. Riba asilimia ngapi kwa mwaka? Haijaandikwa popote, na kijana wa kaunta alimwambia faida ni kama asilimia 26 hivi, gawa kwa 3 unapata karibu 9. Mama mdogo akanambia mwanangu hebu nipigie wewe, hii 9 siielewi.

Na alikuwa sahihi kutoielewa jamani! Riba juu ya riba haigawanyiki hivyo, maana mwaka wa pili unalipwa mpaka kwenye faida ya mwaka wa kwanza, wa tatu hivyo hivyo. Fomula ni A = P(1 + r)^n, A ni hela ya mwisho, P ya mwanzo, r riba ya mwaka, n idadi ya miaka, ukiwa unatafuta A unazidisha tu unamaliza, ila ukitafuta r inabidi urudi kinyumenyume, gawa hela ya mwisho kwa ya mwanzo, tafuta mzizi wake kulingana na idadi ya miaka (miaka 3 ni mzizi wa tatu), halafu punguza 1. Huo mzizi ndio kalkuleta za dukani za kujumlisha na kutoa hazina, hii inao, uko juu ya kitufe cha ^ unaupata kwa SHIFT. Nilibonyeza 3, SHIFT, ^, nikafungua mabano, 2519424 ÷ 2000000, nikafunga, nikabonyeza =. Ikaja 1.08. Toa 1, zidisha 100, ni 8. Asilimia 8 kamili, sio 9.

Mabano msiyaache. Mara ya kwanza niliyasahau ikanitolea 6.80 na mkia wa namba na -05 pembeni, nikahisi imeharibika, kumbe ilitoa mzizi wa 2519424 peke yake ndo ikagawa kwa milioni 2. Uzuri hesabu uliyoandika inabaki mstari wa juu, unarudi kwa mshale unapachika mabano huanzi upya.

Akauliza tena, sasa kwa hiyo 8 itafika lini milioni 4? Hapa unachotafuta ni n, kiko juu kule kwenye kipeo, na cha kukishusha ni logi. Milioni 4 ni mara 2 ya milioni 2, kwa hiyo log 2 ÷ log 1.08 inakupa 9.006. Usije ukaandika log ya 2 ÷ 1.08 ndani ya mabano mamoja, hiyo inatoa 0.268 na haina maana yoyote hapa. Halafu hiyo .006 usiidharau, kama riba inaingia mara 1 kwa mwaka basi mwaka wa 9 ukiisha unakuta 3,998,009, imepungua kama 1,990 hivi kufika milioni 4. Na hapa Tanzania kuna kodi ya zuio ya 10% kwenye riba, inakatwa kabla hujalipwa, kwa hiyo 8 inayobaki mkononi ni 7.2, ukipiga upya log 2 ÷ log 1.072 unapata 9.97, yaani hesabu miaka 10. Mama mdogo hiyo 10 akaiandika nyuma ya ile karatasi kwa kalamu nyekundu.

Ila kilichoniuma ni mkopo wangu mwenyewe wa kwenye simu, jina la app silitaji. Nilichukua 100,000 nikarudisha 115,000 baada ya siku 30, nikaona 15% mbona kawaida tu. Juzi nikapiga 1.15 ^ 12 ikatoka 5.35. Maana yake ukiuzungusha huo mkopo kila mwezi bila kulipa, mwaka ukiisha laki moja inadaiwa laki 5 na 35 elfu, riba ya 435% kwa mwaka! Niliutumia miezi minne mfululizo kununulia mzigo wa dukani. Nimeacha.

Kwa anayetaka kununua, hii haina SOLVE kama fx-991, yaani huwezi kuandika fomula nzima ikakutafutia r yenyewe, lazima uigeuze mwenyewe kwanza. Mi naona kwa riba inatosha kabisa, vitufe unavyohitaji ni vitatu tu, ^, ule mzizi na log. Mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi ndo hesabu nyingine, hapo P inapungua kila ukilipa, msitumie hii njia ya mzizi itawaonyesha riba ndogo kuliko mnayolipa kweli.

Namba za vitufe bado zinasomeka zote isipokuwa 0, imeanza kufutika.