Printa imekula karatasi zangu nne za pamba, na dukani wakanilaumu mimi

Nianze na kaunta, maana hasira yangu ilianzia hapo. Duka liko katikati ya mji hapa Kisumu, jina naliacha. Niliingia nikiwa na karatasi nne zilizoharibika, nimezitia kwenye bahasha kubwa ya kaki kama mtu anayepeleka eksirei kwa daktari, nikazipanga mbele ya kijana yuleyule aliyeniuzia printa. Hakuzishika. Alizitazama kwa mbali akasema, "Madam, hii karatasi yako ni ngumu, hii ni kadi. Tumia karatasi ya kawaida tu, picha itatoka."

Siku ya kununua nilimwuliza swali moja tu. Sikuuliza kasi wala waifai wala kitu kingine: hii mashine itapitisha karatasi ya pamba ya gramu 308? Akanijibu bila kusita, itapitisha, tena bila shida yoyote. Nikalipa kwa M-Pesa papo hapo. Leo karatasi ileile imegeuka kadi! Nilipomkumbusha maneno yake alimgeukia mteja mwingine aliyetaka flashi, akaniacha nimeshika bahasha yangu. Nikasubiri. Aliporudi aliniuliza, mbele ya watu, kama nimewahi kutumia printa kabla ya hii. Mimi napiga picha za harusi na matanga tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Sasa yuko sekondari.

Na si picha yoyote tu iliyoharibika. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ahero alitaka picha ya marehemu mkewe kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Niliipiga mwenyewe kwenye harusi ya mjukuu wao: mama ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, leso begani, anamcheka mtu asiyeonekana. Mzee alikuwa na nakala ya zamani ya karatasi ya kung'aa, ameitundika sebuleni bila kioo. Akanieleza shida yake vizuri kuliko muuzaji yeyote wa karatasi niliyewahi kukutana naye: "Binti yangu, nikikaa kwenye kiti changu nataka nimwone yeye. Hapa naona mlango na ng'ombe wa jirani."

Ndiyo maana nikaagiza karatasi ya pamba isiyong'aa. Ni ya Hahnemühle, watu wa Ujerumani ambao kiwanda chao kinatengeneza karatasi tangu 1584, na ilikuja kutoka Nairobi kwa basi. Karatasi ya ofisi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hii ni karibu mara nne ya uzito huo. Ukiipapasa ni kama shuka iliyopigwa pasi. Ukiharibu moja, umeharibu nauli ya kwenda Ahero na kurudi, pamoja na samaki wa mchana.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Ya kwanza niliiweka kwenye trei ya nyuma, ile ya kupakia karatasi nyingi. Rola zikazunguka na kuteleza juu yake, taa ya rangi ya chungwa ikaanza kupepesa. Nikaisukuma kidogo kwa vidole, ikaingia upandeupande, ikatoka na kona imekunjwa. Ya pili iliingia ikiwa imenyooka, nikavuta pumzi, halafu nikasikia kwaru, kwaru, kwaru, sauti ya kichwa cha wino kikipiga ukingo wa karatasi kila kikipita. Ilipotoka, juu ya leso ya yule mama kulikuwa na alama nyeusi ya urefu wa kidole changu, imepinda kama ukucha, na karatasi pale imechubuka hadi nyuzi za pamba zimesimama. Wino mbichi umesukumwa kutoka ukingoni hadi begani mwake. Ya tatu ikafanyiwa vivyo hivyo, ila safari hii ni upande wa chini, kwenye miguu.

Ya nne ilipita salama. Nilishangilia mapema, maana nilipoileta dirishani niliona uso wa mama yule umekuwa wa majivu. Nywele hazikuwa nyeusi, zilikuwa kijivu kilichofifia. Mwembe wote umepauka. Hapo ndipo nilipompigia yule kijana wa dukani mara ya kwanza, akaniambia nimefanya sawa kuchagua aina ya karatasi ya kung'aa kwenye kompyuta, kwa sababu "hiyo ndiyo ya kiwango cha juu." Ni yeye aliyenielekeza hivyo siku ya kununua, na mimi nikafuata!

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika hapa, kwa herufi kubwa, kwamba printa hii hata adui yako usimshauri ainunue. Nilikuwa nimeshaandika nusu.

Kisha nikampigia rafiki yangu wa Nakuru, anayechapa picha za flamingo na kuziuza kwa fremu. Hakuniuliza aina ya printa. Aliniuliza, "Dadangu, karatasi zako zinalala wapi?" Zilikuwa zinalala juu ya meza karibu na dirisha, zimetolewa kwenye mfuko wake tangu jana yake, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akaniambia nichukue moja, niilaze mezani, niinamishe jicho liwe sawa na ubao. Nikafanya hivyo. Kona mbili zilikuwa zimeinuka. Mwanga ulikuwa unapita chini yake, nafasi ya unene wa shilingi mbili au tatu. Siku zote nilikuwa naitazama kutoka juu na kuiona imenyooka.

Pamba inakunywa unyevu, na sisi hapa tunaishi mdomoni mwa ziwa. Upande mmoja wa karatasi hiyo umepakwa dawa ya kupokea wino na mwingine haujapakwa, kwa hiyo haivimbi sawasawa, inajikunja. Kichwa cha wino kinapita karibu mno na karatasi, kona ikiinuka kidogo tu inagongwa. Yeye kule Nakuru hewa yake ni kavu zaidi, na bado hatoi karatasi mfukoni mpaka dakika ya kuchapa.

Tulikaa kwenye simu mpaka salio likaisha, akanipigia yeye. Nikaviringisha karatasi taratibu kwenye bomba la kadibodi lililofungwa karatasi safi, kinyume na mkunjo wake, nikaiachilia, nikaangalia tena kwa jicho la chini, nikarudia. Nikagusa pembe kwa kidole chenye unyevu kujua upande wa wino: ule uliopakwa dawa hung'ang'ania kidole kidogo, mwingine haujali. Nikafuta vumbi la pamba kwa brashi laini, kwa sababu unyuzi ukikaa juu ya karatasi unachukua wino wake, na ukidondoka baadaye unaacha kidoa cheupe, na kidoa cheupe kwenye shavu la marehemu sikukitaka. Rola nikazipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kitambaa kilitoka kijivu.

Halafu kuna ule mlango wa nyuma. Printa hii ina nafasi ya pili nyuma ya trei, ya kuingiza karatasi nene moja moja. Unaifungua pale tu kompyuta inapokuambia, unashika karatasi kwa mikono miwili, unaishusha mpaka uhisi rola zimeidaka, ndipo unaachia. Kwenye kijitabu kuna mchoro mmoja mdogo wa jambo hili, hakuna neno. Kwenye kompyuta nikabadilisha aina ya karatasi kuwa ile ya sanaa isiyong'aa, na hapo tu ndipo printa ilipoanza kutumia ule wino wake mwingine mweusi, uliotengenezewa karatasi za aina hii. Katriji hiyo ilikuwa imekaa ndani muda wote, imejaa, haijaguswa. Mwisho nikaweka alama kwenye kisanduku cha kuzuia mikwaruzo, kinachoinua kichwa juu kidogo.

Ya tano ilitoka polepole sana. Sikusikia kwaru hata moja. Nilisimama pale mikono nyuma kama mwanafunzi, na uso ukaanza kushuka, paji, macho, kile kicheko. Nywele zilikuwa nyeusi kabisa. Niliona hata mshono wa leso, na kovu dogo kidevuni ambalo kwenye kioo cha kompyuta sikuwahi kuliona. Ninaomba nirudishe maneno yangu: hii printa ni nzuri. Ni nzuri sana. Sijawahi kutoa picha kama ile kutoka chumba changu cha Migosi, na nimewahi kulipia kazi kama hiyo Nairobi.

Lakini hasira ikarudi nilipopima. Ukichagua aina hiyo ya karatasi, programu inakulazimisha kuacha milimita 30 nyeupe juu na nyingine 30 chini, kwa sababu ncha za karatasi ndizo zinazoinuka zikiwa hazijashikwa na rola za pande zote mbili. Sababu naielewa. Ila nilikuwa nimeshanunua fremu kwa kipimo cha picha kubwa zaidi, na hakuna aliyenitajia. Ilinibidi nipunguze picha na kumwomba fundi wa fremu pale Kibuye akate kadibodi ya pembeni upya, usiku wa kuamkia misa. Alikataa kunitoza. Mungu ambariki.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ninaipendekeza, nasema ndiyo. Ninaposema ndiyo namkumbuka kijana yule na mkono wangu unasita. Hakuhitaji kuwa fundi. Angeniambia tu: pitishia nyuma, chagua karatasi isiyong'aa, pima ukingo kwanza. Dakika moja ya kaunta. Badala yake alichagua kuniuliza kama nimewahi kutumia printa. Nunueni mashine, lakini pale msiende. Au nendeni mkiwa na karatasi yenu mkononi, na mkatae kulipa mpaka aipitishe mkiona.

Picha niliiacha ikauke siku nzima, nikaipeleka Ahero asubuhi. Mzee aliitundika mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake, mlango uko wazi na jua limejaa sebuleni. Akakaa kimya. Kisha akainamisha kichwa kushoto, akakirudisha kulia, akitafuta ule mlango na ng'ombe.

Jana mwenye duka alinipigia. Amesikia nina malalamiko, akaniomba nirudishe printa waiangalie. Nikamwambia printa haitoki nyumbani kwangu. Ninachotaka ni karatasi nne, na kijana wake anitazame usoni anaponipa. Amesema atanipigia.