Uhakiki wa kitabu: Nietzsche na ujasiri wa kuyakubali maisha

Wengi wanamfahamu Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, kwa misemo mifupi inayosambazwa mitandaoni, ambayo humfanya aonekane mhubiri wa mabavu. Msomaji wa namna hiyo ningemshauri aanze na Die fröhliche Wissenschaft (yaani “Sayansi yenye Furaha”), kitabu kilichotoka mwaka 1882, kwa sababu humo mawazo yake kuhusu kujishinda na kuyakubali maisha yanaonekana yakichipuka, kabla hayajavikwa lugha ya kinabii ya Zarathustra, kitabu chake kilichofuata.

Hali ya mwandishi haina budi kukumbukwa. Nietzsche alipata uprofesa Basel, Uswisi, mwaka 1869 akiwa na umri wa miaka 24, lakini kufikia mwaka 1879 maumivu makali ya kichwa na ubovu wa macho vilikuwa vimemlazimisha kujiuzulu, na tangu hapo akawa mtu wa vyumba vya kupanga. Kwa hiyo anapoandika katika kifungu cha 276, Januari 1882 huko Genoa, Italia, kwamba anataka kujifunza kuona uzuri katika yale yasiyoepukika, hayo si maneno ya mtu aliyeshiba akaridhika.

Kifungu kilichonigusa kuliko vyote ni cha 341. Pepo anakunyemelea ukiwa mpweke kabisa na kukuambia kwamba maisha haya haya utayaishi tena, mara zisizo na idadi, bila jipya lolote: kila uchungu, kila furaha, kwa mfuatano uleule, hata buibui huyu na mbalamwezi hii kati ya miti. Je, utajitupa chini na kusaga meno, au utamwona kuwa mungu? Nguvu ya swali imo katika buibui yule. Kuzikubali siku za ushindi hakumshindi mtu. Kinachodaiwa hapa ni kukikubali pia kile kidogo ambacho hakuna anayekikumbuka. Wala si lazima msomaji aamini kwamba mambo yatajirudia kweli, kwani swali linamgusa vilevile.

Kuhusu kujishinda, kifungu cha 290 kinatosha. Mtu aziangalie nguvu zake na udhaifu wake wote, kisha avipange kama msanii, hapa akiondoa sehemu ya asili yake, pale akiongeza kilichopatikana kwa mazoea, na kote kwa mazoezi marefu na kazi ya kila siku. Anaonya kwamba asiyeridhika na nafsi yake yu tayari daima kulipiza kisasi, nasi wengine ndio tutakaoumia. Laiti wanaomnukuu kwa kiburi wangefika hapo!

Vifungu vya sehemu ya pili kuhusu wanawake ni dhaifu, na sioni hasara kuviruka. Cha 338, kinachodai kwamba huruma hufifisha kile kilicho cha mtu binafsi katika mateso yake, ni chenye akili lakini sikikubali chote: mgonjwa aliye peke yake huhitaji mtu wa kukaa naye kabla ya kuhitaji hekima.

Anayetafuta hoja zilizopangwa hatua kwa hatua hatazipata. Atakayenunua ahakikishe nakala yake ina utangulizi na sehemu ya tano vilivyoongezwa mwaka 1887, maana ni katika utangulizi huo Nietzsche anapoeleza kuwa kitabu hiki ni shukrani ya mtu aliyepata nafuu asiyoitarajia.