Uzi wa risasi kwa sangara wa kipupwe: unafaa Mwanza?

Uzi huu ulitengenezewa trauti na samoni wa maziwa ya nchi za baridi. Ndani una waya laini wa risasi (ile metali nzito, si ya bunduki), nje umefumiwa ala ya nailoni, na rangi hubadilika kila yadi 10, yaani mita 9 na ushei. Anayerambaza nao, yaani anayeukokota na chambo nyuma ya boti inayotembea, huhesabu rangi: kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, kila rangi iliyo majini hushusha chambo kama mita 1.5. Rangi tano ni mita 7 na nusu. Ukiongeza mwendo, chambo kinapanda, ukipunguza, kinazama.

Sababu ya kuufikiria huku kwetu ni kipupwe. Miezi ya mvua maji ya Ziwa Victoria hujipanga kwa matabaka, ya chini kabisa yakaishiwa oksijeni, na sangara hana haja ya kwenda huko. Kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki hulikoroga ziwa, oksijeni ikashuka, na samaki anatawanyika hadi kwenye vina vikubwa. Chambo cha kuelea juu juu kinampita kichwani.

Nguvu zinazouzwa sana, yaani uzito ambao uzi unahimili kabla ya kukatika, ni ratili 18, 27, 36 na 45. Mbili za kwanza waachie wenye trauti. Kwa sangara chukua 45, ingawa ala yake ni nene na huzama kidogo kuliko nyembamba. Breki ya rili (kigurudumu cha kuviringia uzi) ifungwe kilo 5 hadi 6, isizidi. Rili nayo iwe kubwa, maana yadi 100 za uzi huu zinajaza rili ndogo kabla hujaweka uzi wa akiba chini yake.

Kufunga ndiko wengi wanakoharibu. Ukifunga fundo risasi ikiwa ndani, fundo halikazi na risasi inakata ala. Sukuma ala nyuma, vunja sentimita 15 za risasi, nyoosha ala tupu, kisha ifunge kwenye swiveli ndogo (kiungo cha chuma kinachozunguka). Upande wa pili wa swiveli weka nailoni ya ratili 80 au 100. Waya wa chuma hauhitajiki: meno ya sangara ni kama msasa, hayakati bali yanasugua. Nailoni hiyo iwe mita 2 tu, kwa kuwa swiveli haipiti kwenye pete za fimbo. Ukiirefusha, samaki anabaki mbali na boti na huwezi kumfikia.

Kasoro kubwa ni mawe. Samaki akishika, boti inasimama, na mita 45 za risasi zinazama zenyewe. Kwenye miamba ya kisiwa cha Saanane au karibu na visiwa vya ghubani, hapo unapoteza chambo na uzi pamoja. Hata kona kali inatosha: uzi wa upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama. Tumia chambo cha mbao kinachoelea, na geuka kwa duara pana. Nyavu za makila, zinazotegwa majini kunasa samaki, ni balaa jingine. Ukiona maboya, vuta uzi wote kabla ya kupita. Magugu maji yakinasa kwenye uzi, chambo kinaacha kucheza ingawa fimbo bado imepinda, hivyo kikague mara kwa mara.

Uzi uliopinda kama kiwiko risasi yake imeshavunjika ndani. Kata hapo, usinyooshe.

Je, ununue? Kama mashine yako haiwezi kutulia kwenye kilomita 3 hadi 4 kwa saa, hapana. Chambo chenye mdomo mrefu (kibapa cha mbele kinachokizamisha), mfano X-Rap Magnum 30 ya Rapala (30 ni futi za kina, kama mita 9), kinafika chini kwa mwendo mkubwa zaidi, kwa uzi wa kawaida, bila hesabu ya rangi. Uzi wa risasi unamfaa mwenye vyambo vidogo vya kina kifupi anayetaka kuvishusha, kwenye maji mapana yenye matope chini, nje ya miamba.

Leseni ya uvuvi iwe mkononi, na sangara chini ya sentimita 50 arudi majini. Vipande vya risasi usiving'ate kwa meno wala kuvitupa ziwani; ni sumu, viweke kwenye kopo.